Kabla ya kukaza bolti za giaboksi ya otomatiki

Unapofunga giaboksi nyingine kwenye gari la kuvuta mbele, kazi huharibikia kwenye toki konveta (chombo cha duara chenye oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi). Isukume ndani huku ukiizungusha mpaka izame kwa hatua, mara mbili au tatu, kisha pima kwa rula kutoka ukingo wa kava la giaboksi. Giaboksi ikigoma kugusana na injini kwa mkono, usiivute kwa bolti: utavunja pampu ya oili iliyo ndani, na hiyo giaboksi mpya imekwisha. Ikishakaa, konveta izunguke bure na iachie nafasi ya milimita chache kabla ya kuifunga kwenye fleksipleti (sahani ya chuma iliyo nyuma ya injini).

Badilisha sili za shafti zote mbili za magurudumu, ni rahisi. Safisha mabomba ya kupoza oili yanayopita kwenye rejeta, maana vipande vya chuma vya giaboksi ya zamani vimejificha humo.

Oili iwe aina iliyoandikwa kwenye stiki (kijiti cha kupimia oili ya giaboksi). Ongeza nusu lita nusu lita, injini ikiunguruma, lever ukiipitisha kila gia. Pima ikiwa ya moto, sehemu tambarare (Mbeya utaitafuta kweli). Asubuhi ya baridi ya Makete kipimo hudanganya. Usiipandishe mlima Kitonga oili ikiwa pungufu, klachi za ndani ya giaboksi zitaungua.