Kuandika fantasia tulivu: shujaa wa vita aliyegeuka mkulima Dodoma

Anza na kalenda ya shamba, askari atafuata. Fantasia tulivu haina dunia ya kuokoa, kwa hiyo kinachomvuta msomaji ni msimu: mvua itafika? Mtama utakomaa? Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Mhusika akikosea Desemba, asubiri mwakani. Hofu hiyo peke yake inaweza kubeba kitabu kizima.

Maneno 60,000 yanatosha. Yagawe katika sura 24 za maneno 2,500, kisha uzipange kwa miezi: sura tano za kufika kijijini na kuandaa shamba, tano za kupanda na palizi, saba za Februari hadi Aprili, tano za kuvuna na kupura Mei na Juni, mbili za ngoma na pombe ya mtama. Februari usiikimbie. Mara nyingi mvua hukatika kwa siku kadhaa wakati mtama bado mchanga, na ghala nalo limeanza kuonyesha sakafu. Hapo ndipo majirani wanapojuana.

Riwaya za namna hii huharibikia kwenye nguvu za shujaa. Akinyoosha mkono mvua ikanyesha, hadithi imekwisha. Wengine hujaribu kuponya kasoro hiyo kwa kumnyang'anya nguvu zake, na matokeo yake ni mkulima wa kawaida mwenye kovu. Mwachie nguvu zake zote, ila ziwe kubwa mno kwa kazi iliyopo. Chukua moto. Kwelea kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, hivyo kundi la ndege 10,000 linamaliza kilo 100, gunia zima. Askari wako anaweza kuwateketeza wote kwa pumzi moja, lakini masuke yaliyokauka yatawaka pamoja nao. Basi inambidi apande dunguni alfajiri na watoto wa jirani, wamfundishe kombeo, naye akose shabaha mbele yao.

Viwavijeshi nao wanakufaa sana, hata kwa jina lao. Hutokea baada ya mvua za mwanzo, hula majani machanga ya nafaka, kisha huhama kwa wingi kutoka shamba hadi shamba. Njia moja ya kuwazuia ni kuchimba mfereji kuzunguka shamba ili watumbukie humo. Mtu aliyechimba mahandaki miaka 20 anaijua kazi hiyo kuliko yeyote kijijini. Ndiyo maana ujuzi wa zamani uingie shambani kupitia mikono yake, na uchawi ubaki pembeni.

Tukio la kuchimba mashimo ya Chololo, yaliyopata jina kutoka kijiji cha huko huko Dodoma, liandike kwa vipimo kamili: upana sentimita 22, kina 30, sentimita 60 kati ya shimo na shimo, 90 kati ya mstari na mstari. Shimo hukusanya maji ya mvua na kuyaweka karibu na mizizi. Vipimo wape wahusika wavitamke kwa njia yao:

Shimo la kwanza lilimfika magotini. Bibi jirani akainama, akachungulia.
“Afande, unamzika nani humo?”
Hakujibu. Bibi akatandaza kiganja juu ya udongo, gumba hadi kidole cha mwisho. “Upana shibiri. Kina futi moja, basi. Weka samadi, majivu kidogo mchwa wasije, mbegu mbili. Haya, fukia hilo.”

Swali la bibi limebeba vita vyote ambavyo hukuvisimulia. Usiweke kumbukumbu ya mapigano hapo, wala usimpe askari machozi. Aendelee kuchimba. Jibu lije sura ya 18 hivi, usiku, mvua za msimu zikiwa zimekwisha.

Nyumba iwe tembe la zamani. Paa lake bapa la udongo huvuja lisiposhindiliwa kabla ya Desemba, na hiyo ni sura tayari. Chakula kipe nafasi kubwa, maana wasomaji wa fantasia tulivu husomea tumbo: ugali wa uwele, mlenda uliopikwa kwa magadi na karanga, unavyovutika toka bakulini na jinsi mgeni anavyojichafua kidevu kabla hajajifunza kuukata kwa tonge. Salamu iwe ya Kigogo, “Mbukwenyi”, bila maelezo, muktadha utaitafsiri.

Kosa la mwisho hutokea karibu na sura ya 20. Mwandishi huogopa kwamba utulivu umezidi, akamleta adui wa zamani na jeshi lake. Msomaji aliyekaa dunguni miezi yote hiyo hutupa kitabu. Ukihitaji mgeni kutoka vitani, mlete akiwa na njaa, aje wakati wa kupura, apewe fimbo apige masuke pamoja na wengine.

Tangu mwanzo kijiji kizima kinamwita “Afande”. Hesabu mara ngapi. Katika sura ya mwisho, wakati wa kupepeta, bibi amwambie, “Mwanangu, nipe huo ungo,” naye ampe.