Somo: Unguja mpaka London kwa ndege, masafa na saa

Mgeni wenu atatua lini, na atakaa njiani saa ngapi? Kalamu, karatasi na tikiti yake vinatosha kujua.

Kwanza masafa. Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani, maana dunia ni mviringo na ramani imebapa. Nyoosha uzi juu ya tufe la skuli, au andika ZNZ (alama ya uwanja wa ndege wa Unguja) na LHR (Heathrow, London) kwenye kikokotoo cha masafa mtandaoni. Utapata kama kilomita 7,440.

Pili, njia yenyewe. Wengi wetu hupitia Addis Ababa au Doha. Unguja mpaka Addis ni kama kilomita 1,690, na Addis mpaka London 5,920. Jumla 7,610, yaani Addis iko njiani kabisa. Doha je? Kilomita 3,750, halafu 5,240: jumla 8,990. Ule mzunguko peke yake unakaribia safari nzima ya kutoka hapa mpaka Addis! Sisemi msipite Doha. Nauli ndiyo inayoamua.

Tatu, saa za hewani. Gawa kilomita kwa 800, kisha ongeza nusu saa kwa kila mruko. Ndege kubwa hukaribia kilomita 900 kwa saa, lakini hazifuati uzi wetu, zina njia zake angani. Kupitia Addis utapata saa kumi na nusu hivi.

Nne, na hapa ndipo watu wanapopotea: saa za tikiti. Kila saa iliyoandikwa ni ya uwanja husika, na huhesabiwa tangu usiku wa manane. Unguja, Addis na Doha saa ni moja. London iko nyuma yetu saa 3 wakati wa baridi, na saa 2 tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Tuseme ni Januari, tikiti inasema kuondoka 17:00, kufika 06:30 kesho yake. Kuondoka ni saa kumi na moja jioni. Ile 06:30 ya London, kwetu ni saa tatu na nusu asubuhi. Safari nzima saa 16 na nusu. Toa kumi na nusu za hewani, zinabaki sita za kusubiri Addis. Na koti asilitie kwenye begi la chini, Januari London si mchezo.

MASWALI

Mwanachama, Mkunazini: Maalim, tikiti ya mwanangu ni Ijumaa 02:50. Tumpeleke uwanjani Ijumaa usiku?

Jibu: La, mama, ndege itakuwa imeshaondoka zamani! Hiyo ni saa nane na dakika 50, usiku wa kuamkia Ijumaa. Alhamisi mkishaswali Isha tokeni, kabla ya saa sita muwe uwanjani.

Mwanachama, Wete: Mbona London kwenda New York ni karibu saa 8, na kurudi karibu 7?

Jibu: Upepo wa juu kule huvuma kutoka magharibi, ukirudi unakusukuma. Safari yetu ni ya kusini kwenda kaskazini zaidi, tofauti huwa ndogo.

Mwanachama, Chake Chake: Na Unguja kuja kwetu?

Jibu: Kilomita kama 125, nusu saa hivi. Kwa Pemba kanuni yangu iacheni; vile vindege vidogo havina kasi hiyo, lakini pia havipandi juu sana.