Ukipandia ndege KIA (uwanja wa Kilimanjaro) na jirani anakohoa

Julai hii ya baridi na mafua, msiogope sana hewa ya ndege kubwa ikiwa angani: inapita kwenye vichujio vinavyonasa zaidi ya asilimia 99 ya chembechembe. (Vile vindege vya injini moja vya uwanja wa Kisongo, Arusha, kwenda Serengeti havina.) Shida ni jirani wa kiti, na pale ndege imesimama chini, mzunguko wa hewa umepungua. Basi vaa barakoa tangu kwenye foleni, na usiivue kabla hamjapaa. Jirani akikohoa, usiivue kabisa. Kitundu cha hewa juu ya kichwa usikifunge kwa sababu ya baridi, vaa sweta. Na kwenye Kosta (basi dogo) ya kutoka Moshi fungua dirisha, hata vumbi likiingia.