Siri ya chachandu: nini ukisajili na nini ukifiche

Tuchukue mfano wa mjasiriamali wa Dar es Salaam anayetengeneza chachandu ya pilipili. Mali yake kubwa si masufuria wala chupa, bali ni jina lililo kwenye lebo, vipimo vya viungo, na orodha ya wateja pamoja na bei anazouziwa na wakulima. Mali hizi zisizoshikika hazilindwi kwa njia moja.

Jina na nembo visajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara, kama alama ya biashara, katika daraja la 30 linalohusu sosi na viungo. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Cheti cha jina la biashara, ambacho wengi hukitundika ukutani wakidhani wamemaliza, hakimpi mtu umiliki wa alama. Anayeuza Zanzibar asajili huko pia, kwa BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, kwa kuwa usajili wa Bara hauvuki bahari.

Vipimo, kinyume chake, visipelekwe popote. Hataza, yaani haki ya pekee anayopewa mvumbuzi kwa muda maalumu, humtaka mwombaji aeleze uvumbuzi wake waziwazi, na muda wake ukiisha kila mtu huwa huru kuutumia. Siri haina ukomo maadamu imetunzwa. Tanzania Bara haina sheria mahsusi ya siri za biashara, hivyo mlalamikaji hutegemea mikataba na kanuni za mahakama kuhusu taarifa zilizotolewa kwa kuaminiana. Kifungu cha 39 cha TRIPS, mkataba wa kimataifa wa haki miliki, kinataka mambo matatu: taarifa iwe siri kweli, iwe na thamani kwa sababu ni siri, na mwenyewe awe amechukua hatua za kuilinda. Hili la tatu ndilo huwaangusha wengi. Daftari la vipimo likishinda kaunta, limelowa mafuta na kila kibarua analifunua, wakili wa upande wa pili hana kazi kubwa. Ni afadhali mwenye mali apime viungo vikavu mwenyewe, avitie katika mifuko iliyoandikwa A na B, na mpishi ajue tu kwamba mfuko A hutiwa sufuriani mafuta yakishachemka.

Mkataba wa usiri usainiwe kabla ya kuonyesha chochote, na utaje siri yenyewe ni ipi, kwani maneno "taarifa zote" hayana makali. Usimkataze mfanyakazi kupika pilipili maisha yake yote. Sheria ya Mikataba, Sura 345, haivumilii sharti la kumzuia mtu kufanya kazi halali.

Siri ikivuja, hifadhi ujumbe na nyaraka kama zilivyo, kisha uombe zuio la muda mahakamani upesi, kabla haijasambaa. Lakini mshindani aliyenunua chupa yako dukani, akaionja na kujaribu jikoni kwake hadi akaipatia, huyo hajakuibia, na hakuna wakili atakayekushindia kesi hiyo.