Namna ya kuandaa michembe (vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa) kwa njia ya Wasukuma
Chagua viazi vitamu vilivyokomaa, uviache vinyauke kwa siku mbili au tatu, kisha uvimenye na kuvikata vipande vyembamba, kwani kipande kinene hukauka nje huku ndani kikibaki na unyevu unaoleta ukungu. Vianike juani juu ya jabali safi, ambalo kwa bahati njema halikosekani Mwanza, ukivigeuza kila siku na kuviingiza ndani wingu la mvua linapotanda kutoka ziwani. Kipande kilichokauka sawasawa hakipindiki, bali huvunjika kwa mlio. Ukivichemsha viazi kabla ya kuvikata na kuvianika, utapata matobolwa, ambayo binafsi nayapenda zaidi. Michembe huchemshwa hadi ilainike, ikachanganywa na karanga zilizotwangwa.