Batiki ya usiku wa dansi: jinsi ninavyoitia bendi kwenye kitambaa hapa Tabora

Mzee wangu akisikia gitaa la Tabora Jazz redioni, tonge hubaki hewani mpaka solo ipite. Nimekua nikiona hivyo kila jioni, ndiyo maana nilipojifunza batiki, kitu cha kwanza nilichotaka kukitia kwenye kitambaa kilikuwa bendi ikiwa jukwaani. Mji huu una bendi za kujivunia: Kiko Kids ya Salim Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz wenyewe, wenye mtindo wa Segere Matata, ambako aliimba Shem Karenga, mtoto wa Kigoma. Wengi wetu tumewajua kwa sauti tu. Picha zao ukutani huzioni, na mimi naona hilo ni pengo ambalo mikono yetu inaweza kulijaza.

Batiki inaufaa sana usiku wa dansi kwa sababu yenyewe huanza na mwanga. Unachotaka kibaki cheupe unakipaka nta kwanza, kisha unatia rangi, na giza linakuja mwisho kabisa. Ukilishika hilo, nusu ya kazi umeimaliza.

Kabla ya yote: nenda ukumbini

Usichore kutoka kwenye picha ya simu. Nenda bendi inapopiga, kaa pembeni na daftari na penseli, uangalie watu wanavyosimama. Mpiga besi karibu kila mara huegemea mguu mmoja. Mpiga tumba mabega yake hupanda na kushuka. Mwimbaji akivuta sauti ya juu kidevu kinainuka na mkono mmoja unaachana na maiki. Hayo ndiyo ya kuchora. Sura za watu ziache, nta ni nene na jicho la binadamu ni dogo, utaishia kuwa na mabaka. Mtu wa Tabora atamtambua mpigaji kwa mgongo wake tu.

Angalia na taa pia. Iko wapi, inamwangukia nani, nani yuko gizani. Andika pembeni mwa mchoro.

Vitu vya kuandaa

Kitambaa cha marekani cha pamba tupu, mita moja na nusu. (Ni kitambaa chenye historia kwetu: misafara iliyopita hapa Unyanyembe katika karne ya 19 ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, na kununua chakula kwa marekani.) Usiamini neno la dukani. Mimi niliwahi kuuziwa mita sita nikiambiwa ni pamba, rangi ikagoma kuingia, na nilikuwa na oda ya watu. Siku hizi nachomoa uzi mmoja nauwasha kiberiti: pamba inaungua na kuacha majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua, kilichochanganywa kinayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Nta ya nyuki, hiyo hatuhangaiki nayo, Sikonge na Urambo ni hapo tu. Changanya sehemu mbili za nta na sehemu moja ya mshumaa mweupe. Nta ya nyuki inanepa na kung'ang'ania kitambaa, mshumaa unapasuka. Ile mipasuko midogo ndiyo inayoipa batiki mishipa yake, ila ikizidi inamla mtu wako. Kwa bendi nataka michache.

Halafu rangi za batiki za njano, nyekundu na bluu iliyokolea, kostiki soda, haidrosi (unga mweupe unaosaidia rangi kuyeyuka majini), beseni la plastiki, glovu ndefu za mpira, barakoa, brashi mbili za manyoya, na vipande vya godoro la sponji. Kostiki inaila alumini, kwa hiyo sufuria zako za jikoni zisikaribie rangi. Na chombo kilichotumika hapa kisirudi jikoni tena.

Hatua ya 1: Fua na uchore

Fua kitambaa kwa maji ya moto na sabuni mpaka wanga wa kiwandani uishe, anika, piga pasi. Chora kwa penseli kwa wepesi. Wapange wanamuziki wakaribiane, mabega yagusane. Wakiachana sana inaonekana kama watu wanasubiri treni.

Kwa gitaa nakata muhuri: chukua kipande cha sponji, chora umbo, likate kwa wembe mpya. Muhuri mmoja unakupa solo, rithimu na besi, na ukingo wote wa kitambaa.

Hatua ya 2: Nta ya kwanza, ambayo ni mwanga

Yeyusha nta kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, kwenye jiko la mkaa, nje ya nyumba. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, maji yanayochemka yanatosha. Ukiweka kopo moja kwa moja kwenye moto inaweza kulipuka. Ikishika moto funika kwa mfuniko au mchanga. Maji usithubutu. Watoto wakae mbali.

Sasa paka vile tu vitakavyobaki vyeupe: kiini cha taa, nyuzi za gitaa, kola ya shati, mstari mwembamba kwenye shavu la mwimbaji upande wa taa. Nta ikiwa na joto sawasawa, kitambaa kinalowa na kuangaza kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Ikikaa juu, nyeupe na yenye ukungu, imepoa. Haijaingia, na rangi itapita chini yake. Geuza kitambaa uangalie upande wa pili kila baada ya mipako michache. Mimi hukiinua nikakielekeza juani. Hapa usiwe na haraka hata kidogo.

Hatua ya 3: Njano

Vaa glovu na barakoa, kaa penye upepo. Kwa mita moja na nusu natumia rangi kijiko kimoja cha chakula, kostiki kimoja, haidrosi viwili. Koroga rangi kwenye nusu lita ya maji ya moto, tia kostiki polepole ndani ya maji (kamwe usimimine maji juu ya kostiki), kisha haidrosi. Acha dakika kumi. Mimina kwenye beseni lenye lita tano za maji baridi.

Halafu subiri. Kitambaa changu cha kwanza cha bendi nilikizamisha rangi ikiwa bado vuguvugu. Nta ililainika, ikaanza kuelea vipande vipande, na mpiga solo niliyemhangaikia siku mbili akapotea mbele ya macho yangu. Nililia. Tangu siku hiyo naweka kiganja nje ya beseni: nikisikia joto lolote, bado.

Zamisha dakika ishirini ukigeuzageuza bila kukunja, toa, anika kivulini bila kukamua. Usiogope ukiona rangi tofauti na uliyonunua, hewa ndiyo inayoikamilisha. Bluu ninayotumia mimi hutoka majini ikiwa na ujani wa majani mabichi, na ukisimama hapo unaiona bluu inaingia kuanzia pembeni, polepole, mpaka katikati. Nimeifanya miaka mingi na bado huwa nasimama kuangalia. Ikishatulia, suuza kwa maji baridi na uanike mpaka ikauke kabisa.

Hatua ya 4: Nyekundu

Paka nta sehemu zitakazobaki njano: duara la mwanga kuzunguka taa, tarumbeta, matoazi, gauni la mchezaji mmoja mbele. Kisha nyekundu, vilevile kama mwanzo. Juu ya njano inakuja rangi ya embe lililoiva, na hiyo ndiyo ngozi ya watu chini ya taa za ukumbi.

Hatua ya 5: Giza

Paka nta mikono, nyuso, mbao za magitaa. Mgongo wa mpiga tumba uache nusu. Ukitaka mipasuko, weka kitambaa kwenye maji baridi kidogo kisha kifinye upande wa juu tu, palipo na anga. Zamisha kwenye bluu iliyokolea dakika thelathini. Kila usichokipaka nta kinakwenda usiku.

Hatua ya 6: Kutoa nta

Chemsha maji na sabuni ya unga kwenye pipa au sufuria kubwa. Pandisha na kushusha kitambaa kwa mti, kisha kitupe kwenye maji baridi, nta iliyobaki igande uipukute. Rudia mara mbili au tatu. Maji ya moto yakipoa, nta inaganda juu kama utando. Ichote uitunze kwa kazi ya ukingo. Usiyamwage mtaroni yakiwa na nta, inaganda na kuziba.

Pinda ukingo, pitisha juu kipande chembamba cha mninga, mafundi seremala wetu wanavyo vya mabaki na wanatoa bei ndogo. Ukiandika jina la bendi iliyo hai na unataka kuuza, kaombe ruhusa yao kwanza. Ni jasho lao. Kitundike ukuta usiopigwa na jua la mchana, na kikichafuka kifue peke yake kwa maji baridi.