Faili uliyoifuta bado imo: namna ya kuiondoa kabisa

Kabla hujabonyeza kitufe cha kufuta, fungua mipangilio ya hifadhi ya kifaa chako na uandike nafasi iliyobaki. Tarakimu hiyo ndiyo shahidi wako, kwa kuwa neno "Futa" halimaanishi jambo lilelile katika kila programu. Programu nyingi za kupanga picha na muziki hutunza orodha yake zenyewe, na unapofuta kitu ndani yake huenda kinachotoka ni jina kwenye orodha tu, huku faili ikibaki palepale kwenye folda. Adobe Lightroom Classic hukuuliza waziwazi kama unataka kuitoa picha kwenye katalogi, yaani orodha yake, au kuifuta kwenye diski. Lisome swali hilo polepole, maana jibu la kwanza haliiondoi picha yenyewe.

Ukishafuta, linganisha tarakimu. Nafasi isipoongezeka, tafuta faili kwa programu ya kusimamia faili, kisha angalia pipa la taka: iPhone huzishikilia picha zilizofutwa kwa muda wa hadi siku 30, na Google Photos huziweka zile zilizokwisha kupakiwa kwa siku 60.

Hata pipa likiwa tupu, kazi haijaisha. Kwa kawaida mfumo hufuta kumbukumbu ya mahali faili ilipo na kuiachia nafasi hiyo, lakini yaliyomo hukaa hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Niliwahi kuipitishia PhotoRec, programu ya kurejesha faili zilizofutwa, flashi niliyokuwa nimeifuta yote, na picha ya kitambulisho changu ikarudi nzima, inasomeka hadi nambari ya mwisho, ila jina la faili lilikuwa limegeuka herufi f na mlolongo wa tarakimu. Tangu siku hiyo sitoi flashi mkononi mwangu kabla ya kuifomati kikamilifu. Katika Windows, ondoa alama kwenye chaguo la kufomati haraka, ili diski nzima iandikwe sufuri.

Diski za SSD, yaani zile zinazohifadhi data kwenye chipu, zinahitaji njia nyingine, kwa sababu chipu inayoziongoza husambaza maandishi kwenye seli mbalimbali, na kuandika juu ya faili moja hakuhakikishi kwamba seli za zamani zimeguswa. Washa usimbaji, yaani kuzigeuza data zisisomeke bila ufunguo, kwa BitLocker ya Windows au FileVault ya Mac, kabla hujaweka faili ya kwanza ya siri. Siku ya kukiuza kifaa, ufunguo ukiharibiwa, kilichobaki ndani hakisomeki.